Saini ya Meja

Wasifu wa marehemu aliuandika Gundi kwa mkono wake mwenyewe, kurasa mbili na robo, akiwa amekaa kwenye kigoda cha baba yake ndani ya kibanda cha viatu. Mlango aliufunga ili watu wasije kumpa pole akapoteza mstari. Jina la Gundi alipewa na huyo huyo baba, kwa sababu tangu ana miaka saba, ukimtafuta nyumbani humpati, amenata kibandani. Sasa alikuwa na miaka thelathini na nane, vidole vimekomaa kama soli, na wateja wengi hawakujua kama ana jina jingine.

Aliandika kwamba baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Koplo, alikwenda vita vya mpakani akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, akarudi na mguu wa kulia mzima na nusu ya wayo wa kushoto. Aliandika kwamba hakukuwa na kiatu cha kumkaa, akajishonea. Cha kwanza kilimchubua, cha pili kilimwangusha sokoni mbele za watu, cha tatu akatembea nacho. Mtu mmoja mwenye mguu mfupi akakiona, akaomba ashonewe chake, na huyo akamleta mwenzake. Kwa miaka thelathini na moja kibanda kile hakikumrudisha mtu eti kwa kuwa mguu wake ni wa ajabu. Mteja akianza kuomba radhi kwa mguu ulivyoharibika, Koplo alikuwa akivua kiatu chake cha kushoto, anaunyoosha mguu, anasema, "Haya, tushindane."

Hilo nalo Gundi aliliandika. Alicheka peke yake, kisha akalia mpaka kola ya gauni ikalowa.

Kurasa zile alizichukua kaka yake mkubwa, meneja wa kampuni ya kusafirisha mizigo, mtu wa tai na simu mbili. "Nipe nikachapishe ofisini," alisema, "zipendeze." Na kweli zilipendeza. Asubuhi ya mazishi aligawa vijitabu vya karatasi ya kung'aa, jalada lina picha ya Koplo akiwa na magwanda, kofia imelala upande, macho makali. Gundi alifungua. Vita vilikuwa vimepewa ukurasa mzima. Chini yake palikuwa na mstari huu: *Baadaye alijishughulisha na biashara ndogo ndogo.*

Aligeuza nyuma akidhani kuna ukurasa umenata. Haukuwepo. Miaka thelathini na moja imekuwa mstari mmoja, tena "ndogo" mara mbili, kana kwamba mara moja isingetosha.

"Kaka, kibanda kiko wapi?"

"Kipo hapo. Biashara."

"Nimeandika kurasa mbili."

"Sikiliza," kaka yake alimshika bega, sauti ameishusha. "Leo kuna watu wazito, hata bosi wangu yumo. Wanataka kusikia habari za shujaa. Nani anakuja mazishini kusikiliza habari za gundi na misumari?"

Gundi alitazama chini ya turubai. Kuanzia mstari wa tatu wa viti mpaka nyuma kabisa walikaa watu wa magongo, watu wa fimbo, mwanamke mwenye soli ya kushoto nene kama tofali, mwalimu mstaafu mwenye buti lililofungwa kwa mikanda mitatu. Wote walikuwa wamevipiga rangi viatu vyao.

"Hao," alisema.

Lakini kaka yake alikuwa ameshaondoka mbio kuelekea barabarani. Gari jeusi lilikuwa linaegesha, na ndani yake alikuwamo Meja.

Gundi alikifunga kijitabu. Hakuwa ameambiwa.

Kilichotokea mpakani hakukisikia kutoka kwa baba yake. Baba yake akiulizwa habari za vita alikuwa anaomba apewe nyundo. Aliyemsimulia ni Mpishi, mzee mfupi aliyekuwa akiwapikia kikosini, rafiki pekee wa kijeshi aliyewahi kukanyaga nyumbani kwao. Wakati huo Meja alikuwa luteni usu, kijana wa nyota moja begani, ametoka chuoni juzi. Walikuwa wanarudi kambini, watu sita, Mpishi mwenyewe akiwemo, na Luteni akataka wakate njia katikati ya shamba. Koplo akamwonyesha vijiti vilivyofungwa vitambaa vyekundu pembezoni. Akamwambia, afande, shamba hili limetegwa mabomu. Luteni akamjibu kwamba anayesoma ramani pale ni yeye. Wakapita. Bomu lililipuka, na kijana aliyebeba redio ya mawasiliano alikufa palepale. Koplo alipoteza nusu ya wayo. Mpishi alimbeba mgongoni tangu shambani mpaka kambini, huku Luteni akitembea nyuma yao akilia kama mtoto.

Alipomaliza kulia aliandika taarifa. Taarifa ilisema kwamba askari wawili walitoroka kambini bila ruhusa kwenda kutafuta pombe, na huko wakakanyaga bomu kwa uzembe wao.

Koplo hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Hata dawa ya kikohozi alikuwa anauliza kwanza imechanganywa na nini. Lakini faili lilisema pombe, na mtu aliyefukuzwa jeshini kwa kutoroka hana mlango wa kugonga. Aliomba kazi ya ulinzi, wakasoma karatasi yake, wakamrudishia. Aliomba ya bohari, vivyo hivyo. Miaka tisa alipigwa danadana, mpaka akaamua kukaa kwenye kigoda na kuinamia viatu vya watu.

Kila mwaka, mwezi ule ule, alikwenda ofisi ya askari wa zamani kuomba faili lirekebishwe. Kila mwaka alipewa fomu ile ile, na chini ya fomu palikuwa na nafasi ya saini ya aliyekuwa kiongozi wa kikosi. Mara moja alimchukua Gundi, wakati huo binti wa miaka kumi na mitano, wakaenda mpaka nyumbani kwa Meja. Walimkuta anamwagilia bustani kwa mpira wa maji. Koplo alisimama, akampigia saluti kwa mguu na nusu, akamweleza shida yake. Meja hakufunga bomba. Alisikiliza huku akihamisha maji kutoka ua hili kwenda ua lile, na mwisho akasema, "Iache fomu, nitaiangalia." Njiani kurudi, Koplo alitembea mbele. Matone ya maji yalikuwa yamemrukia kwenye suruali, na Gundi aliyatazama mpaka yakakauka.

Na wiki tatu kabla ya mazishi haya, ule mguu ulifumuka kidonda. Gundi alimpeleka baba yake hospitali ya jeshi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na ndiyo yenye madaktari wa vidonda vya namna ile. Pale getini askari alitafuta jina kwenye kompyuta, akasoma, akamtazama mzee juu mpaka chini. "Waliotoka kwa utovu wa nidhamu hawatibiwi hapa," alisema, wala hakusema kwa ubaya. Walikwenda hospitali ya mji, wakapangiwa siku ya kumwona daktari. Siku ilipofika, sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Meja huyo ndiye mgeni aliyekuwa anashushwa garini, suti nyeusi, mkongojo wenye kichwa cha fedha, kaka yake Gundi akimshika kiwiko kama yai.

Meja alipewa kipaza sauti kabla ya mtu mwingine yeyote. Alizungumza vizuri, hilo hata Gundi hakuweza kumnyima. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi nilikuwepo. Alikuwa hatua tano mbele yangu, kazini, akitekeleza amri, pale bomu lilipolipuka. Hakupiga hata ukelele. Nilimwinua kwa mikono hii, nikamweka mgongoni, nikamtoa. Mtu huyu alimwaga damu yake kwa ajili yenu ninyi mliokaa hapa."

Watu walitikisa vichwa. Shangazi mmoja alijifuta machozi. Mpiga video aliyekodiwa na kaka yake Gundi alisogea mbele kumnasa vizuri. Gundi aligeuka kumtafuta Mpishi, akamwona kwenye mstari wa mwisho, amevua kofia na kuibana katikati ya magoti, anaitazama kana kwamba amesahau inavaliwa vipi.

*Kazini. Akitekeleza amri.* Maneno ambayo baba yake aliyaomba kwa miaka zaidi ya thelathini yametamkwa kwenye kipaza sauti, mbele ya watu mia tatu, na mwenyewe amelala kwenye sanduku hawezi kuyasikia.

Walizika. Watu wakarudi chini ya turubai kunywa chai. Gundi aliingia chumbani kwa wazazi wake, akafungua kabati, akatoa jalada la kijani. Ndani mlikuwa na fomu ya mwaka ule, ambayo baba yake alikuwa ameshaijaza kwa herufi zake za kusimama wima. Alilichukua jalada lote pamoja na kalamu. Alipotoka, mtu alimwita, akapita moja kwa moja.

Meja alikuwa amekaa meza ya mbele na kaka yake Gundi. Gundi aliweka fomu kando ya kikombe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Pole sana. Baba yenu alikuwa simba."

"Ahsante. Ninaomba utusainie hapa."

Meja alitazama karatasi bila kuigusa. Aliitambua, Gundi aliona alivyoitambua.

"Hapa si mahali pake, binti yangu. Haya mambo yana taratibu."

"Umeyasema sasa hivi. Kwamba alikuwa kazini, kwamba ilikuwa amri. Hayo hayo ndiyo yameandikwa hapa. Hakuna neno nililoongeza."

"Msibani mtu husema ya kufariji."

"Kwa hiyo ulikuwa unadanganya?"

"Gundi!" Kaka yake alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Una wazimu? Mgeni wangu!" Alimshika mkono, akamvuta. Gundi hakuvutika. Mtu anayekata ngozi ya ng'ombe kwa kisu tangu asubuhi mpaka jioni havutwi na mtu wa kushika simu.

"Mwache," alisema mtu nyuma yao.

Alikuwa Mama. Tangu siku ya msiba hakuwa amesema maneno kumi. Alikuja polepole, akasimama mbele ya Meja, mikono ameifumbata tumboni.

"Shemeji," Meja alianza, akiinuka nusu, "hili jambo..."

"Mimi si shemeji yako. Saini."

Chai ilikuwa imeacha kunyweka. Hata waliokuwa jikoni walichungulia. Meja alijipapasa mfuko wa koti, akajipapasa mwingine. "Miwani," alisema. "Miwani nimeiacha garini. Siwezi kutia saini kitu nisichokisoma."

Mama alivua miwani yake mwenyewe, ile iliyofungwa uzi upande mmoja, akamkabidhi. Meja aliishika kama kitu kinachochoma. Aliivaa. Kwa muda mfupi alikaa hivyo, mzee mwenye suti ya gharama na miwani ya mwanamke, kalamu iko mbele yake. Mkono ulisogea. Watu wote waliuona mkono ukisogea. Kisha akasema, kwa sauti ambayo kipaza sauti kisingeinasa, "Kijana wa redio naye ana ndugu. Nikisaini hii, na wao watakuja."

Alivua miwani, akaiweka juu ya fomu. "Hainifai," alisema kwa sauti kubwa, ili kila mtu asikie. Aliinuka akaenda kwenye gari lake. Dereva alifungua mlango, na lile gari likaondoka na vumbi lake.

"Mmeniaibisha," kaka yake Gundi alisema. "Nimemtafuta wiki nzima. Nimempigia simu huyu, nimempigia yule, ili baba azikwe kwa heshima. Mmeniaibisha mbele ya bosi wangu."

Gundi alitoa kwenye jalada nakala ya ile taarifa ya zamani, yenye muhuri na maneno ya mashine ya kupiga chapa, akamwekea mkononi.

Kaka yake alisoma akiwa amesimama. Alisoma tena. Akakitafuta kiti kilichoanguka, akakiinua, akakaa.

"Pombe?" alisema. "Baba?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Yeye ndiye aliyekataza. Alisema una picha yake ya magwanda kwenye meza yako ya ofisini. Akasema, mwacheni nayo."

Kaka yake aliikunja ile karatasi, akaikunjua, akaikunja tena kwenye mikunjo ile ile. "Nilikuwa nawaambia watu yeye ni askari," alisema. "Sikuwahi kusema ana kibanda." Kisha akaondoka bila kuaga.

Siku ya tano Gundi alifungua kibanda. Hakuwa na hamu, ila kulikuwa na jozi saba zilizongoja. Walipoona mlango uko wazi, watu walianza kuja, wengine hawana hata kiatu cha kushona. Mwalimu mstaafu alikaa akasimulia siku Koplo alipomfungia mlango kwa nje, akamwambia hatoki mpaka atembee mara kumi kutoka ukutani mpaka ukutani bila fimbo. "Nilimtukana matusi yote ninayoyajua," alisema, "naye anahesabu tu dirishani: nne, tano, hiyo umedanganya, rudia." Mwanamke wa soli nene alisema kwamba siku ya harusi yake Koplo alimletea kiatu cheupe chenye kisigino cha ndani, hakionekani, akaingia ukumbini mabega yako sawa kwa mara ya kwanza. Mama wa bwana harusi aliuliza kama bi harusi amebadilishwa.

Gundi alisikiliza akiwa na misumari midomoni. Alifurahi na alichukia kwa pamoja. Haya ndiyo yaliyotakiwa kusemwa kwenye kile kipaza sauti, na sasa yanasemwa kibandani, kwa watu watatu.

Wiki iliyofuata ndugu walitumiwa video ya mazishi. Ilikuwa imekatwa. Meja anazungumza, watu wanatikisa vichwa, na hapo hapo yanaonekana mashada ya maua. Meza haipo, fomu haipo, Mama hayupo. Gundi aliitazama mara moja akaifuta. Lakini jioni simu yake ililia tena, na safari hii ilikuwa video nyingine kutoka kwa kaka yake, ndefu, isiyokatwa, tangu hotuba mpaka vumbi la gari. Hakuwa ameandika neno lolote chini yake. Gundi aliihifadhi.

Alikwenda nayo ofisi ya askari wa zamani. Mpishi alimsindikiza, amevaa koti lililompwaya na medali moja, ili aeleze aliyembeba Koplo ni nani. Karani alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua, mpole, aliyewapa viti. Aliitazama video yote kwenye simu ya Gundi. Meja alipoivaa ile miwani, karani aliziba mdomo kwa mkono.

"Dada, hii inauma," alisema. "Lakini ni hotuba. Mimi ninahitaji saini."

"Na huyu?" Gundi alimwonyesha Mpishi. "Alikuwepo."

"Mzee, ulikuwa na cheo gani?"

"Mpishi," alisema Mpishi.

Karani alitazama meza. "Lazima awe afisa." Alifungua faili kwenye kompyuta, akasoma, akapenga kamasi, akasoma tena. "Halafu kuna jambo jingine. Ombi la kurekebisha anawasilisha mwenyewe. Akishafariki, faili linafungwa kama lilivyo."

"Kwa hiyo linafungwa na pombe ndani yake."

"Linafungwa kama lilivyo."

"Mimi sitaki chochote," Gundi alisema. Alijikaza, lakini sauti ilimponyoka, na watu kwenye foleni wakageuka. "Sitaki kitu chenu hata kimoja. Baba yangu ameshakufa, hamwezi kumtibu. Nataka mfute neno moja tu. Hilo neno moja, pombe. Mlifute, niende zangu."

Karani alikuwa na machozi machoni, labda ya mafua. Alifungua droo, akapekua, akafungua nyingine, kana kwamba kweli alitarajia kukipata kitu.

"Hatuna fomu ya kufuta neno, dada," alisema.

Walirudi kwa miguu, kwa sababu Mpishi hakutaka kukaa kwenye basi. Njia nzima alikuwa anarudia, "Ningesema nilikuwa kapteni. Nani angejua? Ningesema tu." Gundi alimwambia, "Baba mdogo, wangeangalia kwenye kompyuta," naye baada ya hatua chache akaanza upya.

Nyumbani walimkuta Mama sebuleni amezungukwa na nguo za marehemu, anazipanga mafungu: za kugawa, za kubaki, za kutupa. Aliwatazama usoni, akajua. Gundi alimweleza hata hivyo, mwanzo mpaka mwisho, mpaka ile droo ya pili. Mama alisikiliza huku akikunja shati.

"Mwakani," alisema, "mwezi ule ule, tutakwenda tena."

"Mama, wameshasema limefungwa."

"Nimesikia. Tutakwenda. Watusikie tena." Aliliweka shati kwenye fungu la kubaki, akachukua jingine. "Kamkaribishe baba yako mdogo maji. Hajakaa tangu mmeingia."